Samaki wa Mafia na Mitaa Yao

Msafiri atokaye Nyamisati kwenda Kilindoni huianza safari yake juu ya maji yasiyokuwa ya bahari wala ya mto. Chombo hupita kwanza katikati ya mikoko ya delta ya Rufiji, msitu wa mikoko ulio mkubwa kuliko yote ya pwani ya Afrika Mashariki, na maji yaliyo chini yake ni ya rangi ya udongo, mazito kwa tope lililochukuliwa kutoka bara kuja kutua hapa. Kadiri chombo kinavyokwenda mbele tope hupungua, rangi hugeuka kuwa kijani hafifu, upepo huanza kuwa na chumvi, na abiria mgeni hudhani kwamba sasa amekwisha kufika baharini. Kumbe bado, kwa maana Kilindoni iko upande wa magharibi wa kisiwa, upande unaotazamana na mto, na bahari yenyewe iko ng'ambo ya pili, mashariki, ambako sakafu ya bahari hushuka kwa ghafla kwenda kilindini. Naanza na habari ya maji kwa makusudi. Nilikwenda Mafia kutazama samaki wa miamba ya matumbawe, na jambo la awali nililofahamishwa na wenyeji ni kuwa asiyeyajua maji hawezi kuwajua samaki.

Sokoni Kilindoni nilifika vyombo vya alfajiri vikiwa vimekwisha kushusha. Juu ya saruji iliyomwagiwa maji walilazwa samaki makundi makundi: pono wa kijani na wa feruzi, meno yao yameungana yakawa mdomo mmoja mgumu, changu weupe, tasi wenye miiba ya sumu mgongoni, ambayo muuzaji huikwepa bila hata kuitazama, kangaja wenye wembe uliofichwa kando ya mkia, puju mwenye pembe katika paji la uso, na vitatange wachache waliotupwa pembeni kwa kuwa nyama yao haitoshi kitoweo cha mtoto. Nilimwamkia mama mmoja aliyekuwa akichagua samaki wa kukaanga, akaniitikia, "Marahaba, mwanangu," nikamwuliza samaki wale wametoka wapi. Hakunitajia kijiji wala fungu. "Huyu wa majanini," alisema akimwinua tasi, "utumbo wake usipoutoa upesi unamharibu. Changu huyu kala majanini usiku, kaja kulala mwambani. Chewa huyu wa mkondoni, mtazame nyama ilivyokaza. Na hawa," akawasukuma mikizi kwa ncha ya kiatu, "hawa wa upande wa mto, bei yao taja wewe mwenyewe."

Watu wa vitabu walilishika jambo hili la samaki na mahali watokako kwa njia ndefu zaidi. Mwaka 1761 mfalme wa Denmark alituma jamaa ya wataalamu kwenda Arabuni, na miongoni mwao alikuwamo Peter Forsskål, mwanafunzi wa Linnaeus, aliyekusanya samaki wa Bahari ya Shamu na kuandika pamoja nao majina aliyoyapata kwa wavuvi wa Kiarabu. Homa ilimwua Yemen mwaka 1763 kabla hajachapisha habari zake, na kazi yake ilitolewa mwaka 1775 na Carsten Niebuhr, ambaye peke yake katika jamaa ile alijaliwa kurudi hai. Karibu karne moja baadaye, mwaka 1866, Robert Playfair, aliyekuwa konseli wa Kiingereza mjini Unguja, alishirikiana na Albert Günther wa jumba la makumbusho la London kutoa kitabu cha The Fishes of Zanzibar. Mtu akizilinganisha kazi hizi mbili ataona kwamba samaki wengi ni wale wale. Changu mwenye doa jeusi ubavuni, ambaye Forsskål alimweleza kutoka Bahari ya Shamu, ndiye huyu anayekaangwa Kilindoni, na ndiye anayevuliwa mpaka visiwa vya Samoa katikati ya Bahari ya Pasifiki.

Imekuwaje kiumbe asiyeuacha mwamba wake akaenea masafa hayo? Jawabu ni kwamba samaki wa matumbawe, hata yule ambaye akishakuwa mkubwa hatoki hatua mia moja kutoka maskani yake mpaka kufa, huanza uhai wake kama msafiri asiye na usukani. Wengi wao hutaga mayai yanayoelea, na watoto wanaototolewa, wadogo na wangavu kama kioo, huchukuliwa na mkondo kwa siku kadhaa au kwa wiki nyingi, ilivyo desturi ya kila aina. Kangaja wengine hukaa katika maji makuu miezi miwili au zaidi kabla ya kutafuta mwamba wa kushukia. Hivyo mipaka ya samaki huandikwa na mikondo, nayo mikondo haiandiki kwa usawa. Pale baina ya Indonesia, Ufilipino na Guinea Mpya ndipo penye wingi wa aina kuliko mahali popote duniani, zaidi ya 2,000 za samaki wa miamba, na kadiri mtu anavyokwenda mashariki au magharibi kutoka pale ndivyo hesabu inavyopungua. Mafia, katika eneo la hifadhi peke yake, hutajwa kuwa na aina zaidi ya 400, nayo si haba kabisa kwa kisiwa kimoja kidogo.

Kisiwa hiki kimebahatika mahali kilipowekwa. Mkondo mkuu wa Ikweta ya Kusini huivuka Bahari Hindi kutoka mashariki, hupita kaskazini ya Madagaska, na hulipiga bara la Afrika karibu na mpaka wa Msumbiji na Tanzania, kisha hugawanyika. Tawi moja hushuka kusini na jingine hupanda kaskazini kwenye pwani yetu mwaka mzima, kwa kasi wakati wa kusi na kwa utulivu wakati wa kaskazi. Mafia imesimama katika njia ya tawi hili la kaskazini, kwa hiyo hupokea watoto wa samaki waliozaliwa mbali kabla ya Unguja, Pemba na Mombasa kupata sehemu yao. Mtu akiufuata mkondo ule mpaka Somalia atakuta mambo yamebadilika, kwani kusi huko huyainua maji baridi kutoka chini, na matumbawe hayapendi baridi. Na wale wasomaji wetu walioko Omani, waliopata kuitazama bahari ya Dhofari wakati wa kharifu, wanajua jinsi mwani unavyositawi juu ya mawe ambayo huku kwetu yangekuwa bustani ya matumbawe.

Lakini wako samaki wasioifuata kanuni hii ya kuenea. Tasi wetu wa kawaida, ambaye ni riziki ya kila siku kutoka Lamu hadi Mtwara, hapatikani popote ila katika upande huu wa magharibi wa Bahari Hindi. Na yuko yule samaki mdogo wa rangi ya chungwa, mwenye mstari mweupe mgongoni, anayeishi ndani ya minyiri ya anemoni bila kuungua: yuko pwani ya Afrika Mashariki, yuko Madagaska na Shelisheli, kisha huonekana tena Sumatra na Thailand, lakini Maldivi, iliyo njiani, hayupo. Watoto wake huelea muda mfupi mno kuliko wa kangaja, na safari ndefu zimewashinda. Jinsi walivyopata kufika pande zote mbili ni swali ambalo ningependa kuliona likijibiwa.

Nimeyasema haya ya mbali ili nirudi Mafia, kwa sababu mgawanyo ule ule unaotenganisha Samoa na Unguja huonekana pia ndani ya Ghuba ya Chole, kwa masafa ambayo mashua huyamaliza asubuhi moja.

Tulitoka kijiji cha Utende maji yakianza kujaa, katika siku za maji mafu, kwa kuwa siku za bamvua bahari hapa hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na Mlango wa Kinasi, ambamo maji yote ya ghuba huingilia na kutokea, hauna mchezo. Nahodha wetu, mzee wa Chole aliyeacha kuvua kwa sababu ya mgongo na kushika kazi ya kuwachukua wageni, aliniuliza nataka kuona nini. Nikamwambia, "Samaki, mzee." Akacheka kidogo, akasema, "Samaki wa mtaa gani?"

Mtaa wa kwanza ulikuwa wa majani. Katika pembe za ghuba zilizo karibu na mikoko, maji ni ya kina kisichozidi kimo cha mtu, na chini yake majani ya bahari yamelala kwa kufuata mkondo. Mgeni huvaa miwani yake, hutumbukiza uso, haoni kitu, naye hutaka aondolewe haraka apelekwe kwenye rangi alizoziona katika picha. Hiyo ni hasara. Ukitulia, majani huanza kutoa wakazi wake: kundi la tasi likichunga kwa vichwa vilivyoinama, mkundaji akichokoa mchanga kwa sharubu mbili zilizo chini ya kidevu, na nyuma yake samaki wengine wawili watatu wakisubiri makombo ya jasho lake, pono mdogo wa kahawia na kijani, ambaye tofauti na ndugu zake wa mwambani huishi humu humu majanini, na zaidi ya wote, watoto wa changu, urefu wa kidole, miili yao imechorwa madoadoa yanayowapotezea macho adui zao. Hawa wakikua watahamia kwenye matumbawe. Fukwe na majani haya, ambayo akina mama wa visiwa vya Chole na Juani huyatembea maji yakipwa wakitafuta pweza na chaza, ndiyo malezi ya samaki ambao watalii hulipa fedha kuwaona kule nje.

Mtaa wa pili ni vichwa vya matumbawe vilivyosimama katikati ya ghuba, na hapo nilikaa juu ya kichwa kimoja mpaka vidole vikakunjamana. Kilikuwa hakizidi ukubwa wa meza ya kulia watu sita. Juu yake, katika matawi ya matumbawe membamba, kulielea wingu la samaki wadogo wa samawati iliyochanganyika na kijani, wote wakitazama upande unaotoka mkondo ili wadake vijidudu vinavyokuja na maji. Nilipopunga mkono wingu zima lilizama ndani ya matawi, nilipotulia likatoka tena. Vitatange wawili, mume na mke, walizunguka wakidonoa nyama ya matumbawe yenyewe, kwa kuwa jamaa hii ina aina zisizokula kitu kingine ila hicho. Chini ya ukingo, kwenye kiza, walijipanga vifuu wekundu wenye macho makubwa, wakingoja usiku. Pono alipita, akauma jiwe kwa sauti niliyoisikia waziwazi majini, akaenda zake akiacha nyuma mkia wa mchanga mweupe. Huo ndio mchanga wa fukwe tunazozisifu, kwa sehemu isiyokuwa ndogo. Na kwenye bega la kichwa kile palikuwa na duka la usafi: samaki mwembamba mwenye mstari mweusi ubavuni alimwingia chewa kinywani na kwenye matamvua, akimtoa wadudu, na chewa, ambaye angeweza kummeza kwa pumzi moja, alisimama kinywa wazi kwa adabu. Yuko pia laghai mmoja katika bahari hizi aliyefanana na msafishaji huyo kwa umbo, rangi na hata mwendo, ambaye akikaribishwa hukata kipande cha pezi na kukimbia. Sikumwona siku ile, au nilimwona nikadhani ni mwaminifu.

Niliporudi chomboni nilimweleza mzee habari ya vifuu na kiza chao. Akasema mwamba una zamu mbili, na mvuvi asiyejua saa ya kubadilishana zamu hufa maskini. Mchana changu na fuatundu husimama kando ya matumbawe pasipo kula, jua likizama hutoka kwa njia zao zile zile kwenda majanini kutafuta kaa na konokono, alfajiri hurudi. Pono kwa wakati huo amekwisha kuingia pangoni kulala, na aina nyingine za pono hujifunika utando wa ute waliojitolea wenyewe. "Ndiyo maana dema," alisema, "halimfuati samaki. Linamngoja njiani." Wavuvi wa dema waliweka mitego yao katika mpaka wa majani na mwamba tangu kabla ya mtaalamu yeyote kuandika kwamba mpaka huo ndio unaovukwa.

Kinasi ni mtaa wa tatu, nao ni wa wenye nguvu. Maji yanapoingia kutoka bahari kuu huja na chakula kisichokwisha, kwa hiyo mbono hujipanga kwa mamia kwenye kinywa cha mlango, wakipiga mikia mahali pamoja. Na penye mbono pana wanaokula mbono, kolekole wakipita kwa vikosi na mzia wakielea kimya. Chini, mapangoni, hukaa chewa wakubwa, ambao katika miamba mingi ya bara hawaonekani tena. Wengi wa jamaa yao huzaliwa majike, na baadhi tu wakifikia umri hugeuka kuwa madume. Mvuvi anayechagua wakubwa siku zote, bila ya kukusudia, huwaacha majike bila waume. Nje ya Kinasi, upande wa mashariki, mwamba husimama wima na mawimbi ya kusi huupiga pasipo kizuizi. Matumbawe membamba hayawezi kuishi katika maji yake ya juu, yaliyoko ni mafupi na manene, na samaki nao ni wa miili iliyonyooka na mikia iliyogawanyika, wenye uwezo wa kushindana na maji. Sikukaa sana huko. Bahari ilinitaka niondoke nami nikatii.

Kusini ya kisiwa uko mwamba wa Tutia, na habari yake lazima isemwe japokuwa si ya kufurahisha. Mwaka 1998 joto la Bahari Hindi lilipanda kupita desturi kwa sababu ya El Niño, matumbawe yakawatoa wale viumbe wadogo wanaoishi ndani yake na kuyalisha, yakageuka meupe, na sehemu kubwa ya Tutia ikafa. Wataalamu waliohesabu samaki kabla na baada walikuta jambo la kushangaza: samaki hawakupungua upesi, bali waliongezeka, kwa maana mifupa ya matumbawe yaliyokufa ilivikwa mwani, na walaji wa mwani wakapata karamu. Mtu mwenye haraka angesema basi msiba haukuwa msiba. Lakini matawi yaliyokufa hayasimami daima. Huliwa na wadudu, huvunjwa na mawimbi, na yakianguka, wale wadogo waliokuwa wakijificha ndani yake hukosa pa kuingia, na vitatange walaji wa matumbawe hukosa chakula. Hesabu ya samaki peke yake ni shahidi dhaifu. Yafaa kuuliza ni samaki gani, na wa mtaa gani.

Baruti ni mbaya kuliko joto. Mwamba uliokufa kwa joto bado ni mwamba, na watoto wa matumbawe wanaweza kushuka juu yake. Uliopigwa baruti ni kifusi kinachoviringishwa na kila wimbi, na hakuna kitu kiotacho juu ya kitu kisichotulia. Samaki nao hupasuka kibofu cha hewa, na wengi huzama bila hata kumfaa aliyewaua. Juya la kukokota hufanya kazi hiyo hiyo polepole, kwa kung'oa majani na kubeba watoto wa changu pamoja na wazazi wao. Na liko dhara moja lisiloonekana kwa macho: katika miamba ya Kenya, wataalamu waliolinganisha hifadhi za Malindi na Watamu, zilizowekwa tangu 1968, na miamba inayovuliwa bila mpaka, waligundua kwamba kikande akiisha, wale viumbe wa miiba mirefu myeusi wanaochoma nyayo za watu maji yakipwa huzidi kupita kiasi, wakautafuna mwamba kwa kasi kuliko unavyokua. Kikande hana bei kubwa sokoni wala nyama ya kusifika. Nani angedhani kwamba yeye ndiye mlinzi?

Hifadhi ya Bahari ya Mafia, iliyotangazwa mwaka 1995, ya kwanza ya namna hiyo Tanzania, ina kilomita za mraba 822, na wenyeji wanaishi ndani yake. Sehemu nyingine zimefungwa kabisa na nyingine huvuliwa kwa masharti. Nimesikia malalamiko katika kisiwa cha Jibondo, nayo hayakosi haki, kwani mtu aliyerithi bahari kwa babu yake huona uchungu kuombwa kibali. Lakini naisifu hifadhi kwa jambo moja: waliochora mipaka yake waliingiza mikoko na majani pamoja na matumbawe, badala ya kuzungushia kamba ule mwamba wa kupendeza peke yake. Kilichobaki nje ya uwezo wao ni mto. Bwawa la Julius Nyerere, lililoanza kujazwa Desemba 2022, limeyashika maji ya Rufiji ambayo zamani yalishuka na tope lake kwa majira yake, na upande ule wa magharibi unaotazamana na mto, wenye mikizi wasiothaminiwa na wenye kamba wanaothaminiwa sana, ulizoea majira hayo. Wenye dhamana ya bwawa na wenye dhamana ya bahari wanapaswa kukaa meza moja, na wavuvi wa delta wakae nao.

Msomaji anayekusudia kwenda namshauri achague miezi ya kaskazi, baina ya Oktoba na Machi, wakati maji ni maangavu na papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, huja kula karibu na Kilindoni kwenyewe. Aangalie mwezi kabla ya kukata tiketi, apate siku za maji mafu. Alipe ada ya hifadhi bila manung'uniko, asikanyage matumbawe, na akiwa na nafasi ya saa moja tu majini, aitumie nusu yake juu ya majani.